Taa ya Chumba cha Barafu

Jumatatu, 5 Novemba 2012
Taa nyekundu juu ya mlango wa chumba cha barafu imewaka mara nne kabla ya chakula cha mchana. Kila ikiwaka, wafungashaji wanaacha samaki mezani na kunikodolea macho, kana kwamba nimeiwasha mimi, fundi wa mtandao. Tatizo ni tundu la saba kwenye swichi ya mtandao. Kebo yake inatoka kwenye kitufe cha dharura cha kuitia msaada ndani ya chumba hicho, na mlango unaibana kila ukifungwa. Mawasiliano yakikatika, kitufe hakifanyi kazi. Swichi inajua, inawasha taa. Niliipanga mwenyewe mwezi wa tisa, nikaringa wiki nzima.
Nimeomba kebo mpya. Chef, bosi wetu, anasema imeagizwa.

Jumanne, 6 Novemba
Haijafika. Mvua, tramu kuchelewa, kununiwa.
Taa ikiwaka, Tonton Saidi haingii. Mzee huyu wa Bujumbura, mjomba wetu sote, ndiye anayepanga maboksi mle ndani, peke yake. Mimi ndiye niliyemfundisha: ikiwaka, usiingie. Basi anasimama chini yake na koti lake kubwa, mikono kifuani, hasogei ng'o. Nampenda kwa hilo. Chef hampendi.

Jumatano, 7 Novemba
Malori yamepanga foleni nje. Chef ameniambia niondoe onyo la tundu la saba, taa isiwake, mpaka kebo ifike. Nimekataa. Akanikumbusha kwamba mkataba wangu unaisha Desemba. Bila mkataba, hakuna kibali cha kukaa Ubelgiji. Hakupaza hata sauti.
Ni tiki moja tu kwenye ukurasa wa mipangilio. Nimeitoa. Taa ikazimika, watu wakapiga makofi. Najichukia.

Alhamisi, 8 Novemba
Tonton aliitazama taa, halafu akanitazama mimi.
"Mutoto yangu, taa imepona?"
"Imepona, Tonton."
"Bon. Alors, naingia."
Mwoga mimi. Mwoga kabisa.

Jumatatu, 12 Novemba
Kebo bado. Kila saa nafungua ukurasa wa swichi kuangalia tundu la saba. Lipo, halipo, lipo. Taa haisemi kitu.
Ningeweza kumwambia Tonton kwa Kiswahili, mbele ya Chef, na Chef asiambulie hata neno. Sijamwambia.

Jumatano, 14 Novemba
Tonton hakuja kunywa chai saa nne. Yeye hakosi chai. Nilikimbia.
Mpini wa ndani wa mlango ulikuwa umeganda. Nilimkuta amekaa juu ya boksi, vidole vyeupe kama mshumaa, akikibonyeza kitufe kwa kiwiko. Aliendelea kukibonyeza hata baada ya mimi kuingia.
Gari la wagonjwa limemchukua.

Ijumaa, 16 Novemba
Ripoti imetoka. Ukurasa mmoja: kebo mbovu. Hakuna aliyefungua kumbukumbu za swichi. Zinaonyesha nani alibadilisha nini, na saa ngapi. Jina langu limo. Nilikwenda kumwambia Chef. Alifunga mlango wa ofisi, akasema kebo ni kebo.
Nimerudisha tiki. Taa ikawaka papo hapo. Kufika mchana walikuwa wameifunika kwa boksi la samaki.
Wameleta mtu mwingine wa kupanga maboksi. Nilimweleza habari ya taa kwa Kifaransa changu kibovu, akainua mabega, akaingia. Sasa nasimama mlangoni mpaka atoke. Kazi zangu nyingine zinalala.

Jumapili, 18 Novemba
Koekelberg, nyumbani kwa Tonton. Mkewe, Maman Zaituni, alinikumbatia mlangoni na kunishukuru kwa kumtoa mumewe. Nilitamani sakafu inimeze. Vidole viwili vya mkono wa kulia vitakatwa Alhamisi.
Maman alipoingia jikoni nilimwambia Tonton yote. Tiki, Chef, kibali changu, na jibu nililompa siku ile. Sikulia. Niliona sina haki ya kulia mbele yake.
Akaniomba nimtilie sukari kwenye chai na nikoroge, maana mikono yote ina bandeji. Nikakoroga, nikamshikia kikombe.
"Câble ilifika?"
"Kebo? Bado, Tonton."
Akainamisha kichwa, akanywa.