Wembe wa Kawangware

Jumapili, 7 Septemba 2025
Mgongo umepoa. Roho ndiyo haijapoa. Jana nilikwenda Kawangware kuumikwa: mtu anakuchanja mgongoni kwa wembe, anafunika vikombe juu ya chale, damu iliyochoka inatoka. (Najieleza mwenyewe ninachokijua. Ualimu ni ugonjwa.) Mchumba wangu Hadia ndiye aliyenielekeza kwa mzee anayeumika. "Mgongo wako unalia kuliko mlango wa choo," alisema. Basi nimelala kifudifudi, namfundisha mzee wa watu habari za mzunguko wa damu, wala sikuangalia kama amefungua wembe mpya. Nilipoinuka niliuona kwenye sahani. Una kutu! Wembe mpya hauna kutu. Na mimi nimezeeka nikiwafundisha watoto wa Kibera sayansi: msichangie wembe, wanangu, kuna virusi vya ukimwi.

Jumatatu, 8 Septemba
Dawa ya kinga huanzwa ndani ya siku tatu, na mapema ndiyo bora. Nayajua hayo. Ndiyo maana leo niliamka nimefunga saumu! Sunna ya Jumatatu, nilijiambia, na haifai kutolewa damu ukiwa umefunga. Wanazuoni wamehitilafiana, mimi nikachagua kauli inayoogopa sindano. Adhuhuri nikajionea aibu, nikanywa maji, nikaenda kliniki. Sista Aketch akanitoboa kidole. Sina virusi — lakini hiyo ni habari ya zamani, nilimweleza. Vya Jumamosi haviwezi kuonekana Jumatatu. "Mzee, unataka kukaa kwa kiti changu?" Amenipa vidonge vya mwezi mzima. Kisha nirudi kupimwa.

Alhamisi, 11 Septemba
Kichefuchefu cha vidonge. Hadia amepiga simu kuuliza habari za nikaha. Sote wawili tulifiwa na wenzi wetu, tulipanga tuoane mwezi huu. Nikasema paa langu linavuja, tungoje. "Mvua gani, Mwalimu?" Kweli. Mtaa wetu wa Kambi Muru wote ni vumbi.

Ijumaa, 19 Septemba
Kamati ya msikiti iliniletea wachumba niwanasihi. Kanuni ni yangu mwenyewe: wanaotaka kuoana wapimwe kwanza. Nikaeleza, nikaeleza. Kijana akauliza, "Na wewe, Mwalimu, si tunasikia pia unaoa? Ushapimwa?" Msichana akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Nikasema, swali zuri sana. Hivyo ndivyo walimu husema wakikosa jibu.

Jumanne, 21 Oktoba
Vidonge vilikwisha. Kesho kipimo cha pili. Usingizi siujui tena, na chakula nakitafuna kama karatasi. Leo nimekwenda Kawangware, kwenye kibanda cha Hadia cha ushonaji, nikamwambia yote: wembe, vidonge, paa. Nilikuwa na hotuba, ina utangulizi na sehemu tatu! Nilitarajia anihurumie, au anifukuze. Akasimamisha cherehani.

"Mimi nilienda kuumikwa pale wiki moja baada yako," alisema. "Ungeniambia, singeenda."

Hotuba ikaishia hapo. Siku zote hizi nimekuwa nikizilinda damu yangu na heshima yangu, na yeye hakunipitia akilini hata mara moja. Mtaalamu mzima! Muda wake wa dawa ya kinga umeshapita, nami nilikuwa nayo kabatini, nimeificha nyuma ya sukari.

Jumatano, 22 Oktoba
Niko kliniki, kwenye benchi. Hadia amekuja. Alikaa upande wa pili, mkoba katikati yetu. "Usinieleze kitu," alisema. Sawa. Sasa ameingia ndani. Ukuta ni wa mbao nyembamba: Sista anamweleza jinsi kipimo kinavyofanya kazi. Ameruka hatua moja. Nimenyamaza.

Mimi nilitobolewa kidole kwanza, majibu yangu yako tayari. Sista alichungulia akaniita, nikamwambia yangoje ya Hadia. Akanitazama kana kwamba mimi ni mwanafunzi aliyekataa cheti. "Mzee, una uhakika?" Sina. Nimekaa tu.

 Ndani kiti kimesogezwa —