Mfupi Amesusa Chakula

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Hujambo huko? Goti lako linasemaje? Mimi sijambo, nasema hivyo kwa kuwa nasimama na kutembea, ingawa nyumba imekuwa kubwa ghafla. Asubuhi bado natoa vikombe viwili, kisha narudisha kimoja kabatini.

Nakuandikia kwa ajili ya Mfupi. Huyu poni wa kaka yako, farasi wake mdogo, hayuko sawa. Tangu tumzike bwana wake hali chakula vizuri. Namwekea nyasi kavu, anatia mdomoni, anatafuna kidogo, anaziacha zidondoke. Mbavu zimeanza kuonekana. Muda mwingi anasimama kichwa kikiwa upande, kama mtu anayesikiliza nje.

Jirani yetu mshonaji alimletea maganda ya karoti. Unakumbuka, enzi za mkokoteni wa maziwa Mfupi alikuwa akisimama mlangoni kwake bila kuambiwa, na kaka yako anamwomba radhi mama wa watu kila siku. Safari hii aliyanusa tu. Mshonaji akasema, huyu anaomboleza kuliko sisi. Nami nadhani hivyo. Nikuambie kweli, imenifariji kidogo kuwa na mwenzangu uani.

Wewe unaonaje?

Wifi yako,
mke wa kaka

*

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Wifi,

Barua yako nimeipata, na salamu zako nimezipokea. Goti ni lilelile, lina siku zake za kunitii na siku zake za kunikomoa. Watoto wazima.

Nikurekebishe jambo moja. Unasema poni wa kaka. Mfupi alizaliwa uani kwetu, kabla hujajua kama kaka yangu yupo duniani. Mama yake alimkataa, nikamlea mimi. Kaka alikuja kumfundisha mkokoteni baadaye, alipokwisha kuwa farasi wa kuonekana. Kwa hiyo kama kuna mtu anamngoja, huenda ananingoja mimi. Usinune, natania. Nusu natania.

Halafu nakujua. Unamwekea chakula, kisha unasimama mbele yake umejaa machozi. Nani atakula akitazamwa hivyo?

Ijumaa nakuja. Usipike sana.

Wifi yako,
dada wa marehemu

*

Jumatano, tarehe 19 Machi

Wifi yangu,

Nashukuru kwamba ulifika nyumbani salama. Hapa mvua inanyesha na banda linavuja upande ule ambao kaka yako alisema atauziba.

Nimejaribu kutokuandika haya, nimeshindwa. Ulipoingia bandani na kupiga ule mluzi wenu wa nyumbani, Mfupi aliinua kichwa. Kisha ukamkorogea ndoo yako ya pumba na maji moto, ukakaa chini karibu naye na goti lako bovu, akala yote akalamba na ukingo wa ndoo. Wewe ukageuka ukaniambia, "Umeona? Alikuwa anataka mtu wake." Nikacheka. Nilicheka kwa meno tu, wifi.

Nimeishi na mnyama huyu miaka yote ya ndoa yangu. Nimemsugua, nimemsafisha kwato, nimekaa naye alipoumwa tumbo. Ulipoondoka nilimwekea nyasi safi, nikavaa koti la kazi la kaka yako, lile lenye harufu ya maziwa, nikajaribu ule mluzi wenu. Sikuupata, ulitoka upepo. Alininusa begani kwa muda mrefu, akachukua nyasi, akazitema miguuni pangu.

Basi nikawaza mengi mabaya. Kwamba hata marehemu, alipokuwa na jambo zito, alikuwa akikupigia simu wewe kwanza. Nilikuwa nasikia sauti yake nyuma ya mlango, anacheka vile alivyokuwa hacheki na mimi. Sikuwahi kusema. Sasa farasi naye.

Najua utaniambia nimtoe. Sitamtoa.

Wifi yako,
mke wa kaka

*

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Wifi,

Natumai mvua imekatika. Hapa wote tu wazima.

Umesema yako, na mimi niseme yangu. Unanionea wivu kwa simu. Wewe umebaki na nyumba yake, kitanda chake, koti lake, na watu wanakuja kukupa pole wewe. Mimi nilipewa pole mara moja tu, pale makaburini, kisha wakanituma nikagawe chai. Nilizaliwa nikamkuta, nimekua nikimfuata nyuma, na sina hata kifungo cha shati lake. Nina wivu mpaka na huo uvujaji wa banda, maana alikuahidi wewe.

Mfupi kwako anakufa kwa njaa. Kwangu anakula. Jumamosi dereva wa lori la mifugo atapita. Kama ulimpenda kaka yangu, mpakie.

Dada wa marehemu

*

Jumapili, tarehe 13 Aprili

Wifi yangu,

Salamu nyingi, na samahani kwa ukimya. Najua lori lilirudi tupu, na dereva ameniambia maneno uliyoyasema. Nimeyastahimili. Sasa nisome mpaka mwisho.

Nilikuwa nimekubali. Barua yako niliisoma nikaketi. Sikuwahi kufikiri kwamba wewe huna kitu. Asubuhi ile nilimsugua Mfupi, nikamchana na mkia, nikasema aende kwa mtu wake akale. Nilipokuwa nakaza hatamu, mkanda ukamgusa shavuni, akarusha kichwa nusura anivunje pua. Hajawahi kunifanyia hivyo. Nikampapasa polepole. Chini ya shavu, tayani, palikuwa na uvimbe, pa moto. Muda wote nilikuwa namtazama macho nione majonzi. Mdomoni sikutazama.

Nikamwomba dereva aende zake, nikamwita daktari wa mifugo. Alimfungua kinywa kwa chuma, akaniita nichungulie na tochi. Gego moja la nyuma limeoza. La juu yake, kwa kukosa mwenzake wa kusagana naye, limerefuka na kuchongoka, linamkata shavu kila anapotafuna. Akaniuliza, kuna chochote anachokula vizuri? Nikamjibu, anachopewa na wifi yangu. Akauliza wifi anampa nini. Nikasema uji wa pumba. Yule mtu alinitazama, akasema, "Mama, basi anapenda uji."

Nikacheka, wifi, safari hii si kwa meno. Ulimpa uji kwa kuwa ndivyo ulivyomlea. Mimi nilimpa nyasi kwa kuwa ndivyo kaka yako alivyomlisha. Tukagombana.

Gego limeng'olewa, jingine limepigwa tupa. Kwa umri wake atakula laini mpaka mwisho. Siku chache alilala tu, nikaogopa. Tangu juzi anakula. Anakula kwangu, anakula kwa mshonaji, amekula kwa daktari, na jana amekula kwa fundi aliyekuja kuziba banda, mtu asiyemjua kabisa, akamfuata mpaka getini akidai zaidi. Hana haya.

Akipona sawasawa, lori lipite tena, nitampakia. Ni wako kabla hajawa wetu. Lakini hilo si ninalotaka kukuambia.

Nilimtazama jana anavyotafuna, macho ameyafumba kwa utamu, nikaelewa kwamba hakuwa anamngoja mtu. Lilikuwa jino. Mimi nilikuwa nikijiambia kwamba tuko wawili uani tunaomlilia. Sikuwa na mwenzangu yeyote uani, wifi.

Mwenzangu yuko huko kwako, na goti lake. Njoo ukae, wiki, mwezi, upendavyo. Ukifika nitakupa pole, yako mwenyewe, na chai sitakutuma.

Wifi yako