Dada Ananiazima Cheti Nikasimamie Kitalu cha Miche

Shikamoo Shangazi Mwamvua, mimi ni mama wa mtoto mmoja, nakaa Miyuji, elimu yangu ni darasa la saba tu, nakuandikia mtoto akiwa amelala maana akiamka kalamu inakuwa yake. Nyuma ya nyumba nimeotesha miche, mipapai, mipera na mizabibu, kwenye vile vifuko vyeusi, na kazi hii naipenda shangazi, asubuhi nikikuta mbegu zimepasua udongo naona raha kama nimejifungua tena, na wateja wanatoka hadi Area D na bajaji. Sasa shamba moja kubwa la zabibu linatafuta msimamizi wa kitalu, kuna mshahara na bima ya afya, ila wanataka cheti cha kidato cha nne, na usaili ni Jumatatu. Dada yangu wa Kondoa, mtoto wa mama mkubwa, tumwite Stara, cheti anacho na kimelala kabatini kwa sababu yeye anauza vitenge, basi akanitumia kwa basi, akasema nenda nacho, sura zetu zinafanana, huko kazini uitwe Stara, mche haukuulizi ulisoma wapi. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Kwa hiyo mimi nina wake wawili kwa mahari moja?" lakini hakunikataza, anasema niamue mwenyewe. Nafsi inanisuta, halafu nikiwaza bima ya mtoto nataka kwenda, tena najiuliza hivi kilimo kweli kinahitaji cheti wakati bibi yangu alilima maisha yake yote bila kujua kusoma? Nishauri shangazi, kabla ya hiyo Jumatatu.

Mama wa mmoja, Miyuji

Marahaba mwanangu. Umenichekesha, na mumeo naye kanichekesha, sasa kaa vizuri nikuseme.

Kazi ukiipata kwa jina la Stara, aliyeajiriwa ni Stara. Michango ya uzeeni ni ya Stara, na hiyo bima unayoililia ni ya watoto wa Stara. Siku mwanao akishikwa na homa utafika dirishani hospitalini na cheti chake cha kuzaliwa chenye jina lako, utamwambia nini yule muuguzi? Na mkikamatwa mnapanda kizimbani wawili, wewe na muuza vitenge wa watu.

Shamba lako halidai cheti, lima hata kesho. Lakini shamba la mwenzio ni ajira, na mwenyewe ana haki ya kujua anamkabidhi nani dawa na vibarua wake. Tena usiniletee bibi. Bibi hakupima dawa ya ukungu kwa kusoma maandishi madogo kama sisimizi. Shule ina faida yake, na wewe bado mbichi, haijakukimbia.

Cheti kirudi Kondoa kesho. Jumatatu nenda na miche yako michache iliyonyooka, waambie umeishia la saba, uliza kama kitaluni kuna kazi ya kuanzia. Wakikataa umepoteza nauli tu. Kisha kaulizie vyuo vya maendeleo ya wananchi, vipo vinavyopokea akina mama na watoto wao, ujifunze kilimo huku ukijiandaa na mitihani ya sekondari. Bima ya mtoto kaeni na mumeo muipange, akimaliza kucheka achange.

Hapa gazetini jina lako nimelificha mimi. Jumatatu wewe usilifiche.