Saa Moja Kutoka Goma

Jumanne

Baba Mdogo ni mjinga, na ni hapa tu, kwenye daftari hili, ninapoweza kusema hivyo.

Asubuhi Shangazi alipiga simu kutoka Goma: ndege ya Bibi itaondoka saa nane mchana. Baba Mdogo akatangaza mezani kwamba Goma hadi Entebbe ni kilomita kama mia nne, mwendo wa saa moja tu, basi atampokea saa tisa kamili. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba saa za Goma ziko nyuma ya zetu, kwa hiyo huku itakuwa saa kumi.

"Mimi nimepanda ndege," akasema. "Wewe umepanda nini, mama? Bodaboda ya hapa Ntinda?"

Wote wakacheka, hata Baba. Nikaanza kukusanya vikombe.

Jioni akarudi peke yake, amekasirika kama mtu aliyeibiwa. Eti ndege haikuja. Eti alisubiri nusu saa nzima! Na Bibi, ambaye kesho anatakiwa hospitali ya Mulago kwa ajili ya macho, ambaye hajui Kiganda wala Kiingereza, wakati huo alikuwa ameshatua na kukaa benchini akimngoja. Askari mmoja anayesema Kiswahili ndiye aliyetupigia simu na kumtafutia gari.

Bibi alipofika, Baba Mdogo akamkimbilia mlangoni. "Ndege za siku hizi, Mama, zinachelewa mno!"

Bibi akampita. Alinishika mkono, akaniuliza kama hata mimi, niliyemaliza shule, sikujua kuhesabu hiyo saa.

Nikamwambia nilijua.

Akauachia mkono wangu.