Shemeki, Pine Moja Ilikuwa Baridi

Kwako shemeki, kaka ya muke wangu, uliyelala chini ya mikaratusi bila kuniaga vizuri,

Nianze na habari njema, usiseme mume wa dada yako analeta machozi tu. Mu Bunia yote hakuna mutu wa bahati kama miye. Gari yetu, ile tuliyoiita Koko kwa sababu inakohoa kama nyanya ya mutu, ingali inatembea. Tangu homa ikuchukue, ninaishusha mutelemuko wa Bogoro peke yangu, mukono moja ku volan, mwingine nje ya dirisha, ninapiga mluzi paka Tchomia. Wavuvi wakiona vumbi wanasema, "Bwana mukubwa anakuja!" Miye niliyefika Kampala, nikapanda ngazi inayotembea yenyewe, nitaogopa mulima? Bahati inanipenda, shemeki. Inanifuata kama mbwa wa jirani.

Lakini si hiyo inanifanya nikuandikie. Juzi nimeona kitu mu gari yetu. Utaona hata maandishi yangu, ambayo mwalimu alikuwa anayachapa fimbo, leo ni mabaya zaidi.

Unakumbuka wakati barabara ya ziwa ilifunguliwa baada ya vita? Amani ilikuwa kama mutoto anayejifanya amelala: kila mutu anatembea polepole, anaongea chini, jicho moja ku mulango. Vipuri havikuwa vinafika. Tulipakia bamama na mabeseni matupu, tukawarudisha na samaki ya kukauka, na ile harufu mu viti haijatoka paka leo. Nikiingia kanisani watu wanajua nimefika hata sijaimba.

Weye ulikuwa daktari ya Koko. Ikikataa kuwaka, ikasema "ta!" moja tu, miye nilitukana betri. Weye ulisema, "Betri iko muzima, taa si zinawaka? Hii ni demarere, ile inayoamsha motere," ukaingia chini, ukaigongagonga kwa nyundo polepole kama mutu anayeamsha mutoto wa masomo. Inawaka. Ikichemka, nilikimbilia kufungua kifuniko ya maji, ukanivuta shati: "Unataka kupika sura? Hata hivi haitoshi ubaya?" Na ile siku uliweka ncha ya turnevis, ile bisibisi kubwa, ku motere, kishikio ku sikio, ukafunga macho. Nikasema, "Uisalimie." Ukajibu, "Nyamaza. Gari inaongea, na weye unaongea. Nisikilize nani?"

Lakini ku Bogoro, pale barabara inapoanza kuanguka kuelekea ziwa, ulikuwa unageuka mutu mwingine. Unasimamisha gari. "Wote chini. Koko imechoka, iko nzito." Hata miye, chini, na jiwe mukononi ya kuzuia pine isizunguke. Unaingia peke yako, unatia gia, vitesi ya kwanza, motere inalia kama mbuzi wa sikukuu, unashuka polepole, unakatakata volan upande wa kushoto.

Bamama walikuwa wanakutukana! Mama Jolie, beseni ku kichwa, alipiga kelele: "Ee shemeki! Tumepanda gari ao tumesindikiza gari?"

Na miye nyuma yao, unanijua: "Mumusamehe, bamama, anaogopa hata kivuli yake. Mungenipa miye volan, sasa hivi tungekuwa tunatoa miiba ya samaki mu meno!"

Wakacheka. Kule chini ulikuwa unatungoja, shati imelowa mugongoni. Nikasema, "Angalia jasho ya woga." Ulisema tu, "Mupande."

Sasa sikia. Dada yako amesema jumamosi anataka kwenda Tchomia yeye mwenyewe, kuchagua samaki na macho yake. Anasema ninaletaga ndogo. Basi juzi asubuhi, tukitoka sokoni, nikasimamisha Koko mbele ya nyumba. Dada yako akashuka, kiatu ikamukatikia, akainama kuifunga na mukono ku pine ya mbele, upande wa kushoto.

"Baba Neema, hii pine mbona iko baridi?"

"Unataka iwe moto, ni sufuria?"

"Ile ingine imeniunguza mukono pale sokoni."

Nikacheka. Kisha nikagusa. Chuma ya katikati ya ile pine ilikuwa baridi kama pua ya mbwa. Nikazunguka: ya mbele kuume, moto, nikaruka. Za nyuma, moto zote mbili. Shemeki, hata mutu aliyeishia darasa la kwangu anajua: freni ikikamata, inapasha chuma. Isiyopata moto haikamati. Koko ilikuwa inavuta kuume kila nikikanyaga. Niliambia watu ni barabara. Niliambia watu ni pine zimelika, ni uzee. Kumbe ilikuwa inasema, na miye nilikuwa ninaongea.

Nikainua gari na kriki, nikatoa pine, nikafuata kale kamupira ka mafuta ya freni na kidole. Kidole kikasimama. Nyuma ya kamupira kuna kamurija ka chuma, na kale kamurija kalikuwa kamekunjwa, kamepigwa nyundo paka kakafunga, halafu kamefungwa na kipande cha mupira wa ndani. Fundo mara tatu, ncha imerudishwa ndani. Fundo yako. Hakuna mutu mwingine mu Bunia anafunga hivyo. Vumbi yake ilikuwa ngumu kama simenti.

Nikakaa chini mu udongo. Miaka yote ile, pine tatu! Silinda ya freni ilikuwa imekufa, nyingine haikupatikana, ukafunga njia ili mafuta isimwagike, tukaendelea kula. Hiyo ninaelewa, mafundi wengi wanafanya. Lakini weye ulijua, shemeki! Ulijua kila siku, ku Bogoro, ukitushusha kama mizigo na kuingia peke yako!

Dada yako aliuliza, "Alijua?"

"Alijua."

Hakulia. Alichukua kile kipande cha mupira, akakiangalia, akakiweka mu kitambaa anapofunga vitu vyake.

Miye nilikasirika, sikufichi. Nilikutukana pale pale, majirani wakatoka. Mutu wa namna gani weye? Kama Koko ingekushinda kule, ningemuambia nini mama yako, kwamba nilikuwa nyuma ninachekesha bamama? Kwa nini hukuniambia hata miye? Na jibu yako nikaisikia, ile uliyonipa siku nilitangaza mimba ya dada yako kabla yeye hajakuambia: "Weye, kinywa yako ni radio. Kitu kikiingia asubuhi, saa sita Bunia yote inacheza." Ni kweli. Ningesema. Bamama wangekataa kupanda, na watoto wangelala njaa. Ulinijua zaidi kuliko nilivyokujua.

Jana nilipata silinda sokoni, ya gari iliyokufa, lakini nzima. Nikabadilisha kale kamurija. Dada yako akakaa ku volan kunisaidia kutoa hewa mu freni. "Kanyaga! Shikilia! Acha!" Akasema, "Sauti ya chini, miye si Koko." Hewa ikatoka, mafuta ikafuata safi. Tukazunguka mutaa mara kadhaa, tukarudi, dada yako akashuka wa kwanza, akagusa.

"Iko moto," akasema. Ndiyo pale alilia.

Kesho ni jumamosi. Amesema atakaa mbele, karibu yangu, na ku Bogoro hatashuka. "Kaka yangu alitembeza watu vya kutosha," anasema. Na hapo, shemeki, ndiyo shida iko, kwa sababu kesho atafika Tchomia, na wavuvi wataniuliza nilipotelea wapi.

Ile bahati niliyokusifia pale juu ni uongo. Tangu tukuzike sijashuka ule mulima hata mara moja. Ninafika Bogoro, ninanunua samaki ndogo kwa watu wa pikipiki, ninageuza gari. Kushuka sijui. Ulikuwa unashuka weye.

Mume wa dada yako,
Radio