Nimekwama kwa Naomi

Jumatatu, 2 Juni 1913. Ikombe.

Nimeachwa. Neno ni hilo. Nimeliandika na kalamu haikuvunjika.

Asubuhi mtumbwi umeingia kutoka Mwaya. Nikakimbia ufukweni na udongo mikononi — nilidhani mume wangu Asajile amekuja kunichukua. Wiki tatu tu nimekaa hapa kwa mama, kufinyanga vyungu, kwa ruhusa ya Asajile, kwa kinywa chake mwenyewe! Kumbe ni Yotamu, kaka yake mkubwa. Ameleta vitu vyangu. Mkeka, jembe, kinu, sanduku la bati. Akavishusha mchangani kimoja kimoja, macho chini. Akasema Asajile hana ugomvi na mimi. Moyo wake umehama, basi. Ameoa Naomi, binti wa watu wa Ngana.

Moyo umehama! Kama ndege!

Nikauliza: na Anyisile? Nilimwacha mwanangu kwa baba yake kwa sababu alikuwa na homa, sikutaka apigwe na upepo wa ziwani. Ana miaka sita. Yotamu akajibu kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba, na mimi si mgeni wa desturi. Sawa. Si mgeni. Miaka minane nimempikia huyo mwanamume, nitakuwaje mgeni?

Naandika kwa Kiswahili, hiki nilichookota Mwaya kwa askari na wachuuzi. Herufi nilipewa na misheni. Nikitukana kwa Kikisi chetu nasikia sauti ya mama ikinikemea. Kiswahili hakina mama yangu ndani. Asajile, mbwa wewe. Mbwa. Mbwa.

Alhamisi, 5 Juni

Nimechoma vyungu kabla havijakauka. Mama alinionya, sikusikia. Vimepasuka motoni, tisa kati ya kumi na viwili — pa! pa! — na kila kimoja kilipolia nilifurahi.

Mama anasema wanawake wengi wameachwa kabla yangu, nyamaza, utazoea.

Sitaki kuzoea.

Jumamosi, 14 Juni. Mwaya.

Nimekuja na mtumbwi wa kaka yangu Lameck, na vyungu ishirini, kuuza. Uongo. Nimekuja kumwona mtoto.

Nimewaona wote watatu, pale mashua ya serikali inapotengenezwa. Asajile ni kibarua hapo. Naomi kamletea chakula. Msichana! Hata miaka ishirini hajafika. Amevaa kanga yangu, ile yenye pindo jekundu, ambayo haikurudi pamoja na mkeka. Anyisile akanikimbilia akanikumbatia miguu. Asajile akamwita arudi. Mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anaita mbuzi. Mtoto akatazama huku, akatazama kule. Akarudi.

Sijui nilikishika saa ngapi. Chungu kikubwa, cha kupikia wali wa wageni. Nikakirusha. Kikampita Asajile sikioni, kikapasukia ubavuni mwa mashua. Na watu wakacheka!

Fundi mkuu akatoka chini ya mashua. Anaitwa Karoli, mtu wa Selani, kisiwa cha huko karibu na Uhindi. Mweusi kama sisi, nywele amezifunga kisogoni. Nikajua sasa ananipeleka kwa askari. Akainama, akaokota vigae, akanitia mkononi.

"Kazi nzuri," akasema. "Chungu ya nani?"

Changu.

"Basi nani ameumia?"

Nikavibana vigae kiganjani.

"Yeye leo atakula wali vilevile," akasema, akimwonyesha Asajile kwa kidevu, akarudi chini ya mashua yake.

Nilitamani kumpiga yeye pia.

Jumamosi, 21 Juni. Mwaya.

Karoli ameniagiza vyungu vinne vya mdomo mpana, vya kuchemshia lami ya kuzibia mbao. Kazi ni kazi. Nimefikia kwa shangazi Neli.

Adhuhuri vibarua walikwenda kula. Nikamkabili Karoli. Nani alimpa ruhusa ya kunisema mbele za watu? Akasema hakunisema, aliuliza tu. Kisha akaniambia — huku anapiga randa, wala haachi kazi — kwamba yeye naye mke alimkimbia, kwao Gale, akaenda kwa mwenye duka. Alinoa kisu kwa ajili ya huyo mwenye duka. Mtawa mmoja wa kwao, mzee wa nguo ya manjano, ndiye aliyemkalisha chini.

Kwa jina lake sote tulidhani ni Mkristo. Si Mkristo. Wala si Mwislamu. Anamfuata Budha, ambaye anasema si Mungu, ni mtu wa zamani sana aliyeketi mpaka akaelewa kwa nini watu wanateseka.

Kwa nini? nikauliza. Nilitaka jibu la haraka, jua lilikuwa kali.

"Kiu," akasema. "Vitu vinapita. Sisi tunashika, tunasema, wewe usipite."

Nikamwambia mume wangu hakupita, ameibwa. Akacheka mpaka randa ikamtoka mkononi!

Lakini amenifundisha jambo moja. Hasira ikija usiifukuze, na usiilishe. Itaje jina: hii hasira. Tazama inakaa wapi mwilini.

Inakaa kwenye taya. Na kwenye viganja.

Jumanne, 24 Juni. Ikombe.

Hii hasira. Hii hasira. Hii hasira. Nimeitaja mara mia na bado ni hasira.

Alhamisi, 26 Juni

Kuhesabu pumzi nako, alikonifundisha Karoli. Mpaka kumi, kisha unaanza upya. Leo nimefika saba, nikaona kanga yangu kiunoni mwa yule msichana, nikakunja shingo ya chungu kama shingo ya kuku.

Jumapili, 29 Juni

Mzee Hezroni wa kanisa amekuja baada ya ibada, kaketi kwenye kigoda cha mama. Amesikia nafundishwa kuabudu sanamu huko Mwaya. Nikasema sijaona sanamu yoyote, nimeona mashua. Akasema ni mzaha huo. Akasema nikiendelea nitazuiwa Meza ya Bwana.

Nikasimama. Mama ananivuta nguo, nimesimama tu. Nikamwambia: Mzee, mimi na Asajile tulifunga ndoa mbele yako. Ukatushika mikono. Siku alipotuma virago vyangu kwa mtumbwi ulikuwa wapi? Wiki nne! Hukuja kunipa pole, hukwenda Mwaya kumwuliza. Leo nimehesabu pumzi zangu, ndipo umepata njia ya kufika hapa?

Akasema Asajile amekosa, ndiyo, ila mwanamke anyenyekee.

Nikamwambia Kyala, Mungu wetu, anaijua pumzi yangu, ndiye aliyeipuliza, haoni wivu nikiihesabu.

Ameondoka bila kunywa uji. Mama amelia. Mimi sikulia. Nimetembea ufukweni mpaka jua likazama. Hii hasira — na safari hii sitaki ipite. Hii ni yangu, nimeilipia!

Jumamosi, 5 Julai. Mwaya.

Nimepeleka vyungu vinne. Karoli amevigonga kimoja kimoja kwa kidole, amesikiliza, ameridhika.

Amenipa somo lingine. Hili ni la wendawazimu. Unaketi, unawatakia watu heri kwa zamu. Wewe mwenyewe kwanza. Kisha umpendaye. Kisha mtu usiyempenda wala usiyemchukia. Mwishoni adui yako.

Nimejaribu uani kwa shangazi. Mimi, Rut, niwe salama. Nikaona aibu kidogo, lakini nikasema. Anyisile awe salama — hapo nililia, kwa mara ya kwanza tangu tarehe mbili. Muuza chumvi awe salama. Rahisi.

Asajile awe. Asajile awe. Awe nini? Awe na majipu! Nikarudi kwa muuza chumvi. Nikaanza tena. Ajabu, mara ya nne Asajile alipita, kwa shida, kama mfupa wa samaki kooni.

Naomi hakupita. Mdomo umejifunga kabisa. Asajile nilimjua, nilijua ubaya wake, nilimfulia. Huyu amekuja amekuta moto umewaka, chungu kipo jikoni, mtoto ameshaota meno, akaketi!

Nimemwambia Karoli nimekwama kwa Naomi. Akasema, "Kaa hapo hapo. Hakuna haraka."

Jumamosi, 12 Julai. Mwaya.

Leo nimegombana na Karoli. Nimegombana vibaya.

Nilimwuliza tu: ulipoachwa, mlikuwa na mtoto? Akasema ndiyo, mwana mmoja wa kiume, miaka mitatu. Yuko wapi? Gale, kwa bibi yake. Umemwona lini?

Akaweka nyundo chini. Miaka kumi na minne.

Barua? Hapana. Habari zake? Hapana.

Nikapiga kelele. Vibarua wote walisikia, Asajile alisikia, nasikitika kidogo, sisikitiki. Nikamwambia: umenikalisha hapa wiki tatu, vitu vinapita, usishike, usishike — na wewe una mtoto anayekua bila uso wa baba! Hiyo si amani. Hizo ni mbio tu, ukazipa jina la dini! Asajile naye si ndivyo alivyosema? Moyo umehama. Sasa nyinyi mna tofauti gani?

Nikadhani atacheka kama kawaida yake. Hakucheka. Akaketi juu ya gogo, akaanza kukwangua lami mikononi. Kisha akasema polepole, na leo Kiswahili chake hakikunichekesha:

"Mzee wangu aliniambia, acha kushika. Hakuniambia, acha mtoto. Mimi nilichanganya."

Nikaondoka bila kuaga.

Njiani, mtumbwini, Lameck anapiga kasia. Nimemwonea Karoli uchungu. Lakini neno lake limenikwama pia. Nami nimechanganya, kwa upande mwingine. Asajile nimemshika kwa meno, kila siku, kila pumzi. Na mtoto? Mtoto nimemwachia desturi. Yotamu alisema ni wa ukoo wa baba, nikanyamaza. Nilirusha chungu kwa ajili ya kanga na mume. Kwa ajili ya Anyisile sijafungua mdomo mbele ya mzee hata mmoja!

Mjinga mimi. Mjinga, mjinga.

Ijumaa, 18 Julai. Ikombe.

Lameck amerudi na habari. Asajile ameandikwa kazi kwenye meli, ameondoka Jumatano kwenda kusini mwa ziwa. Mtoto hakwenda naye. Yotamu atakuja Mwaya kesho kutoka kwake Ipyana kuamua mtoto akae wapi.

Mama anasema ngoja uitwe. Sisubiri. Lameck amekubali tuondoke alfajiri, kabla upepo wa kusini haujaamka. Maneno yangu nimeyapanga: nitasema mbele ya Yotamu, nimesimama, bila matusi. Nimeyarudia mara nyingi kuliko pumzi.

Jumamosi, 19 Julai. Mwaya.

Niko uani kwangu. Kwao. Sijui niandike ni kwa nani.

Yotamu bado hajafika. Naandika ili mikono iwe na kazi. Naomi ananitazama nikiandika. Hajui kusoma.

Nilipofika nilimkuta anatwanga. Akaacha mchi, akapiga goti, "Ugonile, dada." Sikuitika. Anyisile alikuwa ndani, akatoka mbio, akaninukia moshi na mafuta, amenenepa kidogo. Nywele zake zimesukwa. Vizuri. Hata hilo limenichoma.

Nikasema nimekuja kumchukua mwanangu, Yotamu akifika nitamwambia hivyo. Naomi akasema ndiyo. Ndiyo, basi! Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Kisha alipoinuka, akashika ukuta, nikaona tumbo. Miezi minne, labda mitano. Nikapiga hesabu bila kutaka. Kwa hiyo nilipokuwa bado nampikia — huo moyo ulihama mapema kweli!

Nikamwuliza, Asajile anarudi lini?

Akasema hakusema. Alisema ataleta neno kwa mtu.

Tukatazamana. Mimi namjua Asajile anavyoleta neno.

Hapo nilitegemea kufurahi. Nilikuwa nimeingoja siku hii, nakiri. Haikuja furaha. Imekuja hasira, kubwa kuliko zote, mpaka masikio yakaziba — ila haikumwendea yeye. Ilimpita juu ya kichwa, ikaenda ziwani, ikafuata ile meli.

Naomi amesema jambo moja tu, kwa sauti ndogo, kwa Kinyakyusa, hata nikamwambia arudie. Kwao Ngana hawamtaki, alitoroka bila baraka. Hapa Mwaya hana mtu. Mchana kutwa anaongea na Anyisile tu. "Ukimchukua leo," akasema, "sijui nitaongea na nani." Kisha akasema samahani. Kisha akasema, mchukue, dada, ni wako.

Maneno yangu yote niliyoyapanga mtumbwini yalikuwa ya Yotamu. Kwa huyu sikupanga hata moja.

Nasikia watu barabarani. Ni Yotamu, naijua sauti yake, na kuna wazee wawili pamoja naye. Anyisile amesimama katikati yetu. Naomi anamwambia nenda, nenda kwa mama, lakini mkono wa mtoto hajauachia. Nami nimeketi hapa kando yao, na sijanyoosha mkono wangu.