Toroli la Msituni

Dada yangu mpenzi,

Huku joto limezidi, hata saruji inakauka kabla hatujaisawazisha. Mimi ni mzima, na leo naandika hivyo kifua mbele.

Tangu nianguke kutoka jukwaa la ujenzi nikaumia mguu, umenisihi nirudi nyumbani. Msimamizi naye alishasema, nisipoweza kupanda ngazi nisitegemee kazi.

Basi juzi Jumapili wenzangu wawili, Seremala na Kipara, walinichukua twende msituni tukapate kivuli, hadi kwenye chemchemi ya juu. Kipara akaja anasukuma toroli la zege.

"La nini hilo?"

"La kukubebea wewe, mzee wa bendeji."

Nikatangulia kwa miguu yangu. Chini ya miti kulikuwa na ubaridi kama ndani ya mtungi. Penye mwinuko nilishikilia mashina, jasho likinitiririka, lakini sikukaa. Tulipofika nilitumbukiza mguu majini, nikacheka peke yangu.

Wakati wa kurudi, Kipara na mwili wake ule mnene akaishiwa pumzi, akajibwaga chini.

"Jamani, niacheni nife hapa."

"Panda, bwana harusi," nikamwambia.

Nikamsukuma mpaka kambini, Seremala mbele akipiga vigelegele kama shangazi. Msimamizi alikuwa mlangoni anakunywa maji. Alinitazama miguu, akasema, "Kesho saa moja uwe jukwaani."

Usiku mguu uliuma sana. Hilo usimwambie mama. Mwambie la toroli.

Ni mimi kaka yako, ninayekuandikia nikiwa ghorofa ya tatu.